Sura ya Tano: Wa Mwisho Kwenye Raundi

Raundi ya asubuhi ina mpangilio wake, na hakuna aliyewahi kuubandika ukutani. Anatangulia daktari bingwa, kama hospitali inaye. Ubavuni mwake yupo daktari wa wodi, nyuma yao watarajali wamekumbatia mafaili, kisha sista inchaji na muuguzi wa zamu anayesukuma toroli. Wanafunzi wa udaktari na wa utabibu wanafuata. Nyuma kabisa, karibu na mlango, wamejibanza wanafunzi wa uuguzi. Kitanda kikishazungukwa na watu kumi, yule wa mwisho hamwoni mgonjwa. Anaona migongo.

Tumchukue mmoja wa hao wa mwisho. Ni binti wa mwaka wa pili, kwao Nambis, wilayani Mbulu, na ada yake imetoka kwenye vitunguu saumu vya baba yake. Nimemtunga mimi, kwa hiyo hana jina, na wodi anayosimama siyo ya Haydom wala ya Mbulu mjini, siyo ya Dareda wala ya Katesh. Ila sitamtwika jambo ambalo muuguzi aliyesomea nchi hii atalishangaa.

Huyu binti ana kitu ambacho wengi waliomtangulia kwenye ule msafara hawana. Anajua Kiiraqw. Ukitoka Mbulu ukaenda Haydom, ukachungulia upande wa Bonde la Eyasi, kisha ukazunguka hadi Hanang, utakuwa umepita kwenye makundi manne tofauti ya lugha za Afrika: Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wabarbaig na Wadatoga wengine wa upande wa Waniloti, Wanyiramba na Wanyisanzu ambao ni Wabantu, na Wahadzabe wenye lugha ya kualika ulimi. Wanaisimu wanapaona hapo kuwa mahali pa ajabu. Kwa mganga mgeni aliyepangiwa kazi kutoka Mwanza au Dar es Salaam, ni mahali pa kuhitaji mkalimani kila asubuhi.

Faili limeandikwa kwa Kiingereza, na raundi inaendeshwa kwa Kiingereza. Sista na madaktari wakizungumza mambo ya kazi wanarudi kwenye Kiswahili. Mama aliyelala kitandani, mimba ya miezi minane, presha juu, anamwambia jirani yake kwa Kiiraqw kwamba tangu jana jioni mtoto hachezi tumboni. Binti wa Nambis amesikia. Wakati huohuo bingwa anamwuliza mtarajali dozi ya magneziamu salfeti, mtarajali anababaika, na bingwa anapandisha sauti: nani alikufundisha wewe, au cheti ulinunua Kariakoo? Wodi nzima inanyamaza. Wagonjwa wa vitanda vya pembeni wanageuza nyuso ukutani kwa aibu isiyo yao. Msafara unasogea kitanda kinachofuata.

Na binti hakusema. Angesemaje? Amemwona daktari mzima, mwenye shahada, akivuliwa nguo mbele ya kadamnasi kwa kukosea namba. Yeye hata jina lake hapo halijulikani. Anaitwa "mwanafunzi".

Ukimya huo ndio ninaotaka kuufuata katika sura hii, maana wengi wanaoandika juu ya unyanyasaji wa wanafunzi wa tiba huishia kwenye machungu ya mwanafunzi mwenyewe. Machungu hayo yapo na ni ya kweli. Lakini kesi kubwa dhidi ya kufokeana wodini inamhusu yule mama na mtoto wake asiyecheza.

*

Binti hakuanza kunyamaza alipofika chuoni. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kila aliyesoma shule zetu anajua jinsi kanuni hiyo inavyofuatwa. Mtoto anapomaliza kidato cha nne ameshajifunza kwamba jibu lisilo sahihi linauma mwilini, na kwamba njia salama ni kutonyosha mkono. Oktoba 2016 nchi ilitazama video ya mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ya Mbeya akipigwa na walimu kadhaa kwa pamoja. Kelele zilikuwa nyingi, viongozi wakatoa matamko, na katika kelele hizo jambo moja lilipita haraka: waliokuwa wakipiga walikuwa wanafunzi wa ualimu, wako fildi, wanajifunza kazi. Aliye fildi naye ana wa chini yake.

Kwa hiyo chuo cha uuguzi au utabibu hakipokei ukurasa mweupe. Kinampokea mtu aliyekwisha kufundwa. Kazi ya chuo ingekuwa kumfundua, maana ukunga na utabibu ni kazi za kusema: nimeona damu nyingi, sijui dawa hii, nadhani tumekosea kitanda. Badala yake anakutana na kitabu.

Kitabu chenyewe ni cha prosija, wengine wanakiita logibuku. Ndani yake zimeorodheshwa kazi ambazo mwanafunzi lazima azifanye kwa mikono yake kabla ya kukaa mtihani: kuzalisha, kuweka kanula, kuweka mpira wa mkojo, kufunga kidonda, kutoa dawa. Mbele ya kila kazi kuna nafasi ya tarehe na nafasi ya sahihi ya msimamizi. Bila sahihi, kazi haikufanyika, hata kama mtoto uliyemdaka kwa mikono yako anapigiwa vigelegele kijijini. Ukikosa sahihi za kutosha hukai mtihani, na kuanzia hapo ni hesabu za kusapu au kudisko, na baba aliyeuza vitunguu saumu atataka kujua fedha zake zimekwenda wapi.

Muda ni saa moja asubuhi, makabidhiano ya zamu yamekwisha, na binti anamfuata sista na kitabu chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Naomba unisainie, mama. Ni yule mzazi wa juzi usiku."

"Juzi? Mimi nilikuona?"

"Ulikuwepo, mama. Saa kumi alfajiri. Ulinishika mkono kwenye kondo la nyuma."

"Sikumbuki. Lete kesho. Na ukija kesho pitia kwa mama ntilie pale getini uniletee chapati mbili."

Hakuna aliyepigwa hapo. Hakuna hata aliyetukanwa. Ukiiandikia malalamiko habari ya chapati mbili utachekwa. Lakini kesho ni chapati, keshokutwa ni vocha, wiki ijayo ni kumfulia, na mwanafunzi ameshaelewa kwamba sahihi ile haipimi ujuzi wake, inapima unyenyekevu wake. Sista mwenyewe pengine si mtu mbaya. Amesimama usiku kucha na wazazi sita, mmoja amepasuka, na kufundisha hakumo kwenye mshahara wake.

Kitabu hichohicho kikiangukia mkononi mwa mwanamume mwenye nia nyingine, chapati hazitajwi. Rushwa ya ngono ina kifungu chake katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, na TAKUKURU imeshafanya utafiti juu yake katika vyuo vikuu vyetu. Sheria ipo, na inamtambua mwenye mamlaka anayetumia cheo chake kudai mwili. Kinachokwamisha ni mpangilio wa kazi: msimamizi mmoja, mwanafunzi mmoja, usiku, chumba cha dawa, na sahihi inayohitajika kabla ya Ijumaa. Ushahidi atautoa nani? Niliwahi kumsikia mkufunzi mmoja mstaafu akisema kwamba wasichana wa sasa wanajirahisi. Sikumjibu, maana tulikuwa msibani, lakini nimemjibu hapa.

*

Utetezi wa ukali unajulikana na husemwa kwa nia njema. Mgonjwa hana uhai wa akiba. Ukikosea dozi, anakufa. Kwa hiyo mwanafunzi aumie leo ili mgonjwa asife kesho. Na kisha: sisi tulipitia hayohayo, mbona tumekuwa madaktari?

Mmoja wa waliotangulia kulijibu swali hilo kwa namba alikuwa daktari wa watoto huko Denver, Marekani, aitwaye Henry Silver. Jina lake lilikuwa limeshaingia kwenye historia kwa jambo jingine. Mwaka 1962 yeye na wenzake, wakiongozwa na Henry Kempe, walichapisha makala iliyowalazimisha madaktari wa Marekani kukubali kwamba watoto wengi wanaoletwa wamevunjika mifupa hawakuanguka kitandani; wamepigwa na wazazi wao. Miaka 20 baadaye, mwaka 1982, Silver alitazama wanafunzi wake wa udaktari akaona dalili anazozijua. Wanaingia mwaka wa kwanza wachangamfu, wadadisi, wana huruma. Baada ya miaka michache wamenyauka, wana hofu, wana kinyongo, wengine wamekuwa wakatili kwa wenzao. Aliandika wazi kwamba anaona kitu kilekile alichokiona kwa watoto waliopigwa.

 Basi akaenda kuhesabu. Mwaka 1990 yeye na mwenzake Anita Glicken walitoa matokeo kutoka chuo kimoja cha udaktari: asilimia 46.4 ya wanafunzi wote walisema wamewahi kunyanyaswa, na kwa waliofika mwaka wa mwisho idadi ilifika asilimia 80.6. Mwaka 2014 watafiti waliokusanya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali walikuta asilimia 59.4 ya walio kwenye mafunzo ya tiba wamepata angalau aina moja ya bughudha au ubaguzi. Ndiyo kusema si ugonjwa wetu peke yetu, na hata vyuo tajiri havijaupatia dawa.

Silver alikuwa na faida ya kuwa daktari wa watoto. Alijua kwamba mzazi anayepiga mara nyingi naye alipigwa, na kwamba mzazi huyo akiulizwa hujibu vilevile: mimi nilipigwa, mbona nimekuwa mtu?

Lakini hata Silver alikuwa anamtetea mwanafunzi. Swali la mgonjwa lilibaki palepale, na lilijibiwa mwaka 2015 kwa jaribio ambalo napenda kulisimulia kwa sababu ni rahisi mno. Watafiti wa Israeli wakiongozwa na Arieh Riskin waliwachukua madaktari na wauguzi wa wodi za watoto wachanga, timu 24, wakawapa zoezi la kuigiza: mtoto njiti ambaye hali yake inabadilika ghafla kwa ugonjwa wa utumbo. Waliambiwa kwamba mtaalamu kutoka Marekani anawatazama. Baadhi ya timu zilisikia kutoka kwa mtaalamu huyo maneno ya kawaida. Nyingine zilisikia akisema kwamba hajaridhishwa na ubora wa tiba aliyoiona nchini kwao. Hakufoka, hakumtaja mtu.

Timu zilizodharauliwa zilikosea zaidi katika kutambua ugonjwa na katika kazi za mikono. Walipunguza kupeana taarifa na kuombana msaada. Hao hawakuwa wanafunzi. Walikuwa wataalamu wenye uzoefu, na waliyemhudumia alikuwa mtoto wa bandia. Sembuse binti wa mwaka wa pili akiambiwa mbele ya wagonjwa 20 kwamba kichwa chake kimejaa pumba?

Kuna utafiti mwingine wa zamani kidogo, wa Amy Edmondson wa Harvard, uliochapishwa mwaka 1996. Alikwenda kwenye wodi za hospitali kuhesabu makosa ya dawa, akitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache. Alikuta kinyume: timu nzuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Ilimchukua muda kuelewa kwamba hazikuwa zikikosea kuliko wengine. Zilikuwa zinasema. Kwenye wodi za wakali, vitabu vilikuwa safi na makosa yalikuwa yamekwenda na takataka.

Nikisikia mkuu wa hospitali anajisifu kwamba kwake hakuna anayekosea, siku hizi naogopa.

*

Sista wa chapati mbili ana wa juu yake, na wa juu yake ana wa juu yake. Ngazi hii haiishii hospitalini. Mwishoni mwa mwaka 2011 watarajali wa Muhimbili walidai posho zilizochelewa. Jibu walilopata Januari 2012 lilikuwa kuondolewa pale, zaidi ya 200, ili wapangiwe hospitali nyingine. Madaktari wenzao waliona hilo ni dharau kuliko kucheleweshwa kwa fedha zenyewe, na mgomo ukaanza mwezi huohuo. Februari Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifika Muhimbili kuzungumza nao, na vigogo wa wizara wakasimamishwa. Juni mgomo ulirudi. Usiku wa tarehe 26 mwezi huo kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa, akapigwa vibaya, akatupwa msitu wa Mabwepande. Mamia ya watarajali walisimamishwa kazi. Yaliyobaki ya kisa hicho yana kitabu chake. Hapa nataka kionekane kitu kimoja tu, kwamba ugomvi uliotikisa nchi ulianzia kwa watu wa ngazi ya chini kabisa ya madaktari na namna walivyojibiwa.

Kenya mwaka 2024 ilikuwa mlemle. Madaktari wa chama cha KMPDU waligoma siku 56, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, na hoja kubwa ilikuwa watarajali: mkataba wa 2017 uliwapa zaidi ya shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Mgomo ulipokwisha fedha hizo zilikuwa bado hazijapatikana. Septemba mwaka huohuo mtarajali mmoja katika kaunti ya Kiambu alijitoa uhai, na wenzake walieleza kwamba alikuwa ametoka kwenye zamu ya saa 36. 

Mtu aliyechoka hivyo hufoka. Simtetei, naeleza maji yanakotoka.

Na yanakwenda wapi? Yanakwenda chini ya mwanafunzi, kwa mtu pekee aliyebaki. Mwaka 1998 Rachel Jewkes na wenzake wa Afrika Kusini waliuliza swali ambalo wengi walikuwa wakiliepuka, kwamba kwa nini wauguzi wanawanyanyasa wagonjwa, na sehemu ya jibu lao ilikuwa kwamba wauguzi wenyewe wamebanwa na ngazi, na mgonjwa ndiye wanayeweza kumwonyesha kwamba nao wana mamlaka. Kwetu, utafiti uliofanyika mkoani Tanga na kuchapishwa mwaka 2014 uliwahoji wanawake wakiwa wanatoka hospitalini baada ya kujifungua: karibu asilimia 20 walisema wametendewa bila heshima, wamefokewa, wameachwa peke yao, wengine wamepigwa. Walipohojiwa tena nyumbani baada ya wiki kadhaa, walifika asilimia 28. Dar es Salaam tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 15 wakiwa bado hospitalini, asilimia 70 wakiwa nyumbani.

Zitazame namba hizo za Dar tena. Mama akiwa bado kitandani, na sista yupo mlangoni, hasemi. Akifika kwake, akikalia mkeka wake, anasema. Ni ukimya uleule wa binti wa raundi, ila sasa uko kwa mgonjwa. Na mama wa Kibarbaig wa Hanang ambaye hata Kiswahili hakimkai vizuri, aliyesafirishwa na pikipiki kwa saa kadhaa, akifokewa mara moja leba, mimba inayofuata hatakuja. Atabaki na mkunga wa jadi, na wizara itaandika kwamba jamii ina mwamko mdogo.

*

Bahati nzuri Mbulu yenyewe ina mfano mwingine, na umesomwa dunia nzima kuliko unavyosimuliwa Mbulu.

Hospitali ya Kilutheri Haydom ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1955, kazi ya wamisionari wa Norway, na leo iko chini ya Dayosisi ya Mbulu ya KKKT. Ina chuo chake cha afya. Kuanzia mwaka 2009 ilikuwa mojawapo ya hospitali nane za Tanzania zilizojaribu mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Msingi wake ni ule wanaouita Dakika ya Dhahabu: mtoto akizaliwa hapumui, zipo sekunde 60 za kumkausha, kumsugua mgongo, na kama bado, kumpa hewa kwa mfuko na barakoa. Katika hospitali hizo nane, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Haydom walikuwa na kikwazo chao, na wakakiandika bila haya. Waliwapa watumishi kozi ya siku moja. Kwenye mtihani wa mwanasesere, kila mtu alipanda alama. Wakaenda leba na daftari, wakatazama watoto halisi wanavyohudumiwa: hakuna kilichobadilika. Watu walikuwa wanajua na hawafanyi.

Hospitali nyingi zingeishia kutafuta wa kumlaumu. Ingeandikwa barua ya onyo, sista inchaji angeitwa ofisini, naye angerudi wodini kuwaita walio chini yake. Haydom waliweka mwanasesere karibu na chumba cha kujifungulia na kubadilisha ratiba. Mazoezi yakawa mafupi, dakika chache tu kila wiki, palepale kazini, kisha zoezi refu kidogo mara moja kwa mwezi.

Mwanasesere mwenyewe ametoka Stavanger, kwenye kampuni ya Laerdal, iliyokuwa ikitengeneza midoli ya watoto kabla ya kuhamia midoli ya kufundishia kuokoa maisha mwaka 1960. Ni mfuko wa plastiki wenye sura ya mtoto. Unamjaza maji ya uvuguvugu, anakuwa na uzito wa mtoto na kulegea kwa mtoto; ukimbeba, kichwa kinaanguka nyuma usipokishika. Mwenzako anaminya kipira pembeni na mtoto analia, au haminyi na mtoto halii. Ukimlaza shingo imepinda, hewa haiingii. Ukiweka barakoa ikaacha mwanya kwenye shavu, unasikia hewa inatoka pembeni, fyuu, na kifua kimetulia vilevile. Unarekebisha kidevu, unabana tena, kifua kinapanda. Umejifunza. Hakuna aliyekuuliza umesomea wapi.

Mwaka 2015 Estomih Mduma na wenzake wa Haydom walitoa matokeo. Kabla ya mazoezi hayo ya mara kwa mara, watoto 11.1 kati ya kila 1,000 walikuwa wanakufa ndani ya saa 24. Mwaka uliofuata mazoezi, 7.2. Baadaye mbinu hiyo, pamoja na vifaa kama kile kidude cha kusikiliza mapigo ya mtoto tumboni kinachoitwa Moyo, ilipelekwa hospitali 30 za Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2025 katika jarida la tiba la New England, ambalo madaktari wa dunia nzima hulisoma: vifo vya watoto wa siku ya kwanza vilishuka kwa asilimia 40 hivi, na vya akina mama kwa asilimia 75.

Sitaki kuzidisha. Tafiti hizo hazikupima ukali na upole. Zilipima mazoezi, vifaa na takwimu zinazotumiwa na wodi yenyewe. Lakini haziwezekani bila jambo moja, kwamba mtu akosee mbele ya wenzake mara kumi, na mara ya kumi na moja awe bado anataka kuja kwenye zoezi. Mkunga aliyesimama miaka 25 anapokubali kumshika mwanasesere vibaya mbele ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, ngazi imelegea vidato viwili vitatu. Wale wanaosema kwamba bila kufokewa mtu hakomai kazini waeleze mikono ya Haydom ilikomazwa na nini.

*

Kwa hiyo najua ninachotaka, na hakihitaji semina ya maadili hotelini. Semina za maadili huwaambia watu wawe wema, kisha zinawarudisha kwenye kitabu kilekile.

Kwanza kitabu. Sahihi isibaki kwa mtu mmoja. Mwanafunzi akizalisha saa kumi alfajiri, ajaze papo hapo, na yeyote mwenye leseni aliyekuwepo leba asaini kabla ya makabidhiano, si siku mbili baadaye. Baraza la Uuguzi na Ukunga na vyuo vyenyewe vinaweza kulipanga hilo. Ni suala la fomu. Chapati zitakosa soko.

Pili, raundi iwe na kikomo cha kuulizana mbele ya mgonjwa. Kuuliza ni kufundisha, na maswali magumu mimi nayapenda. Ila mtu akishajibu vibaya, somo lihamie ofisini au kwenye korido. Na penye lugha nne, swali la mgonjwa amesema nini lianzie kwa aliyeielewa lugha yake, hata kama ndiye mdogo kuliko wote.

Tatu, malalamiko. Katika vyuo vingi mwanafunzi akinyanyaswa wodini anatakiwa kumweleza msimamizi wake wa wodini. Nadhani hata mtoto wa darasa la tatu anaona tatizo la njia hiyo. Awepo mtu chuoni, asiye na sauti kwenye alama zake, na jina lake libandikwe bwenini.

La mwisho ndilo gumu, kwa kuwa ni la fedha. Vyuo vingi hulipa hospitali kwa ajili ya wanafunzi wanaokwenda kwa vitendo. Fedha hizo huingia kwenye akaunti ya hospitali na hazina safari inayojulikana kumfikia sista aliyesimama na mwanafunzi usiku. Angelipwa saa za kufundisha, hata kama ni kidogo, na apimwe kwa kazi hiyo, wanafunzi wakiulizwa kwa siri amewafundishaje, hesabu ingegeuka. Kwa sasa anayefundisha kwa uvumilivu na asiyefundisha kabisa wanachukua mshahara uleule mwisho wa mwezi, na anayefoka hapungukiwi hata senti.